Nani Alipe Gharama ya Dhamiri ya Baba?

Liko swali moja ambalo baba wa nyumba hujiuliza usiku, watu wote wakiisha kulala, wala hapendi kumwuliza mtu mwingine. Nalo ni hili: Je, ninayo haki ya kuwatia mke wangu na watoto wangu taabuni kwa sababu ya jambo ambalo dhamiri yangu mimi imenikataza kulitenda? Mtu asiye na mke wala mtoto aweza kuwaambia wakubwa "Sitaki," akalala njaa peke yake. Lakini mwenye nyumba akisema "Sitaki," neno lake huingia jikoni, huingia katika karo ya shule, huwafuata watoto hata uwanjani wanapocheza. Yeye ndiye aliyenena, na wao ndio wanaokosa. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Na mara nyingi nyasi hizo ni watoto wa mmoja wa tembo wenyewe.

Swali hili halijibiwi vema kwa maneno matupu. Kwa hiyo tumeona ni afadhali tulitazame katika maisha ya jamaa moja ya Marekani, watu walioilipa gharama hiyo kwa muda wa miaka mingi. Baba aliitwa Dalton Trumbo, mtunzi wa michezo ya sinema. Hapana shaka wako wasomaji wetu waliopata kuona kazi yake bila kulijua jina lake, maana yeye ndiye aliyeitunga hadithi ya Roman Holiday, na ndiye aliyeandika mchezo wa Spartacus. Hatumleti hapa kama mtakatifu. Yako mambo aliyoyakosea, nasi tutayataja. Twamleta kwa sababu swali letu liliingia nyumbani mwake, likakaa humo zaidi ya miaka kumi, na jamaa nzima ikalazimika kulijibu.

Trumbo alizaliwa tarehe 9 Desemba 1905 katika mji wa Montrose, jimbo la Colorado, akakulia Grand Junction katika jimbo lilo hilo. Baba yake, Orus, alikuwa karani katika duka la viatu, mtu ambaye hakubahatika katika mali. Mwaka 1925 jamaa ilihamia Los Angeles, na mwaka uliofuata baba akafa. Dalton alikuwa na umri wa miaka 20 tu, naye ndiye mzaliwa wa kwanza. Akajikuta amekuwa tegemeo la mama yake na dada zake wawili. Akashika kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, na kazi hiyo ikamshika yeye kwa muda wa miaka minane hivi. Saa zilizobaki aliandika hadithi, nazo zikakataliwa moja baada ya moja.

Habari hii ya kiwanda cha mikate twaitaja kwa makusudi. Mtu aliyezaliwa katika neema aweza kuidharau njaa kwa kuwa haijui. Trumbo aliijua. Alijua nyumba iliyofiwa na baba hunuka nini mwisho wa mwezi. Basi siku ilipofika ya kuchagua, hakuchagua kama mtoto asiyejua bei ya unga.

Hatimaye bahati ilimgeukia. Aliingia katika kazi ya sinema huko Hollywood, na mwaka 1938 akamwoa Cleo Fincher, msichana aliyekuwa akiwahudumia wateja katika mkahawa mmoja ambapo watu hula wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Wakajaliwa watoto watatu: Nikola mwaka 1939, Christopher mwaka 1940, na Mitzi mwaka 1945. Katika mwaka 1939 Trumbo alitoa kitabu chake Johnny Got His Gun, habari ya askari wa vita kuu ya kwanza aliyepoteza mikono, miguu na uso, akabaki na akili peke yake. Kitabu hicho kilipata sifa kubwa. Baada ya miaka michache mtoto wa karani wa viatu alikuwa miongoni mwa watunzi waliolipwa vizuri kupita wote mjini Hollywood. Kwa mchezo mmoja aliweza kupata dola 75,000. Alikuwa na shamba milimani, katika wilaya ya Ventura, na nyumba yenye nafasi.

Sasa tuyataje makosa. Mwaka 1943 Trumbo alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Wakati ule Urusi na Marekani zilikuwa zikipigana bega kwa bega dhidi ya Hitler, na chama hicho hakikuwa kimekatazwa na sheria. Hata hivyo hatuwezi kunyamaza. Katika Urusi ya Stalin watunzi walikuwa wakitupwa gerezani na wengine kuuawa. Isaac Babel, mwandishi mashuhuri wa hadithi, alipigwa risasi mwaka 1940. Mtu aliyeupenda uhuru wa kalamu kama Trumbo alipaswa kuangalia vizuri zaidi ni bendera ya nani anayoifuata. Kuna na kosa la pili, ambalo ni chungu zaidi kwa habari yetu. Wakati wa vita hiyo, watu fulani waliowapendelea Wanazi walimwandikia barua kwa ajili ya kile kitabu chake. Trumbo akazitoa barua hizo kwa wapelelezi wa serikali. Wapelelezi walipomjia nyumbani alitambua kwamba hawakuwa na haja kubwa na walioandika. Haja yao ilikuwa kumchunguza yeye. Baadaye alikiri kwamba alilolifanya lilikuwa upumbavu. Basi mtu ambaye baadaye alisifiwa kwa kukataa kusaidia mambo ya namna hiyo, aliwahi yeye mwenyewe kutoa majina ya watu.

Vita ilipokwisha, urafiki na Urusi ulikwisha pia, na hofu ikaingia Marekani. Mwezi Oktoba 1947 Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza mambo yaliyohesabiwa kuwa kinyume cha nchi iliwaita watu wa sinema. Trumbo alisimama mbele yake tarehe 28 Oktoba. Aliulizwa kama alikuwa mwanachama wa chama cha watunzi, na kama alikuwa au aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti.

Tuone alivyobanwa. Akijibu "Siyo," atakuwa amesema uwongo chini ya kiapo. Akijibu "Ndiyo," atapoteza kazi, na swali litakalofuata litakuwa: "Na nani wengine?" Akikataa kujibu, atashtakiwa kwa kudharau Bunge. Trumbo na wenzake tisa walikataa, wakisema kwamba sheria ya msingi ya nchi yao humpa mtu uhuru wa mawazo yake na wa kukutana na wenzake, wala Kamati haina ruhusa ya kuchungulia humo. Tarehe 24 Novemba Baraza liliazimia kwa kura 346 dhidi ya 17 kwamba washtakiwe kwa kudharau Bunge. Wakuu wa studio nao wakakutana, wakatangaza kwamba watu hao kumi hawatapewa kazi tena. Mashauri yalipanda mahakamani mpaka juu. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ikakataa kuyasikiliza. Mwezi Juni mwaka huo Trumbo aliingia gereza la Ashland katika jimbo la Kentucky, na hukumu yake ilikuwa mwaka mmoja na faini ya dola 1,000. Alikaa humo miezi kama kumi. Na wasomaji wajue jambo hili pia: mwenyekiti wa Kamati ile, J. Parnell Thomas, wakati uo huo naye alikuwa mfungwa, maana alipatikana na hatia ya kujipatia fedha za serikali kwa mishahara ya watumishi wa uwongo.

Hadi hapa habari ni ya baba. Lakini siku baba alipofungiwa mlango wa gereza, Nikola alikuwa na umri wa miaka 11, Christopher alikuwa hajatimiza 10, na Mitzi alikuwa na miaka 4. Katika shauri lile lote, hakuna aliyeuliza Cleo atawalisha nini. Alibaki shambani na watoto watatu na madeni ya mawakili. Mume alipotoka, shamba likauzwa. Mwishoni mwa mwaka 1951 walihamia Mexico pamoja na jamaa nyingine zilizotengwa, wakitumaini kwamba maisha huko yatakuwa rahisi. Fedha zikawaishia, na mapema mwaka 1954 wakarudi Los Angeles, katika mtaa wa Highland Park. Huko wazazi wa watoto wengine walipotambua Mitzi ni mtoto wa nani, yule binti mdogo akatengwa shuleni. Mtoto ambaye alikuwa na miaka miwili wakati baba yake aliposimama mbele ya Kamati, sasa alikuwa akijibu mashtaka yale uwanjani pa kuchezea, wala hapakuwa na wakili wa kumtetea.

Hapa watasimama watu wenye busara na kusema: "Wajibu wa kwanza wa baba ni kuwalisha watoto wake. Watu wazima wakipigania mawazo yao, na wapigane; lakini mtoto wa miaka minane ana kosa gani?" Hoja hii haistahili kuchekwa. Baba anayewasahau watoto wake kwa ajili ya fikira zake kubwa si shujaa. Twamjua sote mtu wa namna hiyo: barabarani husifiwa, nyumbani hulaaniwa.

Lakini tuulize vizuri: mkate ambao Trumbo angewaletea watoto wake, angeupata wapi? Tangu mwaka 1951 Kamati ilipoanza tena kazi yake, njia ya kurudi kazini ilijulikana na kila mtu. Mtu alikwenda, akakiri, na kama ushahidi wa toba yake akawataja wengine kwa majina. Kamati kwa kawaida iliyajua majina hayo tayari. Haikutaka habari, ilitaka mtu ainame. Na kila aliyetajwa alikuwa na nyumba. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto waliokwenda shule. Mkate ule ungeliwa mezani pa Trumbo, lakini ungekuwa umeondolewa mezani pa jirani. Hilo ndilo jambo ambalo hoja ya "watoto kwanza" hulisahau: husema watoto, na maana yake ni watoto wangu.

Yuko baba mwingine wa wakati ule aliyeliuliza swali hili mbele ya Kamati yenyewe. Jina lake Larry Parks, mchezaji wa sinema aliyekuwa katika kilele cha sifa yake. Mwezi Machi 1951 alikiri habari zake mwenyewe bila kuficha, kisha akawasihi wajumbe wasimlazimishe kuwataja wenziwe. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, wadogo, na aliwauliza wakubwa wale kama huo ndio urithi wanaotaka awaachie wanawe. Hawakumhurumia. Mwishowe, milango ikiwa imefungwa, alitaja majina. Na kazi yake ya sinema ikadidimia hata hivyo. Hatumhukumu Parks, tungekuwa mahali pake hatujui tungefanya nini. Ila twaona kwamba aliielewa habari yote kuliko waliomwuliza. Alijua kwamba mtoto harithi nyumba na shamba tu. Hurithi pia lile ambalo baba yake alilifanya siku alipobanwa.

Turudi kwa Trumbo. Hakukaa akilia. Alirudi katika kazi ile ile, lakini kwa kujificha. Watengenezaji wa picha waliotangaza hadharani kwamba hawatampa kazi, baadhi yao walimjia usiku. Mlango wa mbele wamemfungia, mlango wa nyuma wamemfungulia, na bei wameishusha. Kwa mchezo wa Gun Crazy, uliotoka mwaka 1950 ukiwa na jina la mtu mwingine, alipata dola 3,750, yaani moja ya ishirini ya zile 75,000 za zamani. Ili kuilisha nyumba kwa malipo ya namna hiyo aliandika mchana na usiku, mara nyingi akiwa ameketi katika bafu la maji ya moto, kibao mbele yake na karatasi juu ya kibao. Zamu ya usiku ya kiwanda cha mikate ilikuwa imerudi.

Ndipo lilipozuka jambo linalotutia mashaka zaidi kuliko yote, nalo ni habari ya majina ya uwongo. Hadithi ya Roman Holiday ilipelekwa studio na rafiki yake, Ian McLellan Hunter, kama kwamba ni yake, na fedha akampa Trumbo. Mwaka 1954 hadithi hiyo ilipata tuzo ya Oscar, na Hunter ndiye aliyetuzwa. Mwaka 1957 tuzo ya namna iyo hiyo ilikwenda kwa The Brave One, habari ya mtoto wa Mexico na fahali wake, na mtunzi akatajwa kuwa Robert Rich. Jina likaitwa, na Robert Rich hakuonekana. Mjumbe wa chama cha watunzi akapanda jukwaani kuipokea tuzo badala yake, akaeleza kwamba Bwana Rich yuko hospitali karibu na mkewe anayejifungua. Lakini hapakuwa na Robert Rich, hapakuwa na mke, wala hapakuwa na mtoto. Trumbo ndiye aliyekuwa Robert Rich, naye alikuwa ameketi nyumbani pake.

Mtu aweza kucheka, nasi tumecheka. Lakini fikirini juu ya watoto. Nyumbani wanafundishwa wasiseme uwongo. Na papo hapo wanafundishwa wasimwambie mtu kazi ya baba. Mtoto akiulizwa shuleni baba yake hufanya nini, ajibu nini? Kutumia jina la kalamu si dhambi, na watunzi wengi wameyatumia. Kunyamaza mbele ya asiye na haki ya kujua si uwongo. Lakini hapa jina halikuwa pambo. Lilikuwa pazia la kuficha biashara ambayo pande zote mbili zilijua kuwa ipo na zote mbili zikakana. Twakiri kwamba hatuwezi kulisafisha jambo hili kabisa. Twasema tu kwamba lawama kubwa ni ya wale waliokuwa na uwezo wa kusema kweli bila kupoteza chakula, wakachagua uwongo kwa kuwa uliwaletea faida. Sheria isiyo ya haki ina ubaya huu pia: huwafanya hata watu wa kweli waishi kwa kujificha, na hujificha pamoja na watoto wao.

Basi tumefika mahali pa kujibu. Je, baba ana haki? Sisi twaona anayo, lakini si bure. Yako mambo matatu ambayo yampasa ajichunguze kwayo.

La kwanza, ahakikishe kwamba ni dhamiri, si kiburi. Viwili hivi husema kwa sauti moja na ni vigumu kuvitenga. Trumbo alikuwa mtu wa maneno makali, na mbele ya Kamati alibishana kwa sauti kubwa. Wako waliodhani anapenda ugomvi tu. Lakini iko alama moja ya kumpima mtu. Kiburi hakikiri kosa lake. Dhamiri hukiri. Mtu aliyeandika waziwazi kwamba ile siku ya kutoa barua alikuwa mpumbavu, alikuwa ameanza kujihukumu yeye mwenyewe kabla ya kuwahukumu wengine.

La pili, baba awe wa kwanza kulipa, na alipe zaidi ya wote. Asiyeweza kupunguza kilevi chake asiwapunguzie watoto maziwa kwa jina la haki. Trumbo alikwenda gerezani mwenyewe, akarudi akafanya kazi kama punda ili nyumba ile. Hakuwaambia watoto wavumilie naye yu chini ya kivuli.

La tatu, na hili husahauliwa sana, mke na watoto waambiwe kweli kadiri ya umri wao. Taabu ambayo mtoto ameelezwa sababu yake humkuza. Taabu ambayo hakuelezwa humpotosha, kwa maana hudhani kwamba ni yeye aliyekosa. Na kwa habari ya mke, hatuzungumzi juu ya kuelezwa tu. Cleo alishirikiana na mumewe tangu mwanzo. Bila yeye msimamo wa Trumbo usingedumu hata mwaka mmoja. Dunia iliandika habari za mtu mmoja aliyekataa, na kwa kweli waliokataa walikuwa wawili; mmoja wao alikuwa akihesabu fedha za chakula.

Siku za giza zilikwisha polepole. Mwezi Januari 1959 Trumbo alijitangaza kuwa yeye ndiye Robert Rich. Mwezi Januari 1960 mtengenezaji Otto Preminger alitangaza kwamba jina la Trumbo litaonekana katika picha ya Exodus, na mwaka uo huo Spartacus ilitoka nalo vilevile. Wako waliopinga, wakasimama nje ya majumba ya sinema kuwazuia watu wasiingie. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy alikwenda kuitazama Spartacus bila kuwajali. Katika picha hiyo liko tukio ambalo kila mtu hulikumbuka: Warumi wanawaahidi watumwa walioshindwa kwamba wataokoka msalaba kama watamwonyesha Spartacus yuko wapi, naye anapotaka kusimama ajitoe, wenziwe wanasimama mmoja mmoja, kila mtu akidai kwamba Spartacus ni yeye. Tukijua maisha ya mwandishi, hatuhitaji maelezo.

Mwaka 1970 chama cha watunzi kilimpa heshima yake kubwa. Wengi walingoja awalipue adui zake. Badala yake aliwaambia vijana waliokuwapo kwamba wakitazama nyuma wasitafute mashujaa wala wabaya, maana hakuna aliyepita katika miaka ile pasipo kuumizwa au kuumiza. Wote walikuwa wahanga. Baadhi ya rafiki zake walikasirika. Albert Maltz, mmoja wa wale kumi, alisema wazi kwamba hawezi kumweka aliyesaliti na aliyesalitiwa katika kapu moja. Nasi twadhani Maltz alikuwa na sehemu ya kweli: kosa ni kosa, na kusamehe hakuligeuzi kuwa jambo jema. Lakini Trumbo naye alikuwa na sehemu yake. Alikuwa na haki ya kusamehe deni lake mwenyewe. Na baba aliyeshika msimamo miaka ishirini, kisha akakataa kuwaachia watoto wake chuki, ameukamilisha urithi wao.

Tuzo ya The Brave One alikabidhiwa nyumbani pake mwaka 1975, na tarehe 10 Septemba 1976 akafariki. Ile ya Roman Holiday ilimkuta Cleo mjane, mwaka 1993, miaka 40 baada ya picha yenyewe kutoka. Cleo alifariki mwaka 2009. Lakini katika orodha ya chama cha watunzi jina la Trumbo lilikuwa bado halijarudishwa kwenye picha hiyo. Ndipo Christopher, yule kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 10 baba alipofungwa, aliposhirikiana na Tim Hunter, mwana wa yule rafiki aliyeliazima jina lake, wakaomba kosa lisahihishwe. Tuangalie vizuri: mwana wa Hunter hakuombwa kupokea kitu. Aliombwa kukubali kwamba sehemu ya sifa ya baba yake ilikuwa mali ya mtu mwingine. Akakubali. Christopher alifariki tarehe 8 Januari 2011, na mwezi Desemba mwaka uo huo chama kikatangaza kwamba jina la Dalton Trumbo limerudishwa.

Wazazi wapenzi, huenda sisi na ninyi hatutaitwa kamwe mbele ya kamati ya bunge. Lakini tutaitwa ofisini, tuambiwe tutie sahihi hesabu tunayojua si ya kweli. Tutaitwa tushuhudie juu ya mwenzetu jambo ambalo hatukuliona. Na anayetuita atatukumbusha kwa upole kwamba tuna watoto. Siku hiyo tusijidanganye kwamba gharama italipwa na sisi peke yetu. Italipwa na nyumba nzima. Basi tuzungumze na wake zetu na waume zetu mapema, kabla ya kuitwa, tukubaliane ni kitu gani ambacho nyumba hii haitakiuza kwa bei yoyote. Na mtoto akija jioni akilia kwamba wenziwe wamemtenga, tumketishe karibu, tumweleze sababu kwa maneno anayoweza kuyaelewa, kisha tumpe chakula chake, hata kikiwa kidogo.